Daftari Nililolisoma kwa Sauti

Zaituni,

Kesho nitakuambia usiifungue barua hii mpaka basi liingie msitu wa Mabira, nawe utaniitikia "ndiyo baba" kwa ile sauti yako ya utiifu, kisha utaichana bahasha kabla hamjafika Mukono. Sikulaumu. Ni damu yangu hiyo. Ila ukishaisoma uirarue vipandevipande, uvitupe dirishani humo humo msituni, maana mbele kuna daraja na darajani kuna wanajeshi.

Soma taratibu. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisema kuku akikanyaga wino ataandika vizuri kunishinda, na hilo ndilo neno la mwisho la kitaaluma nililolipata kabla shule na mimi hatujaachana kwa amani. Lakini kuku huyo hajawahi kufungua injini ya dizeli akaifunga tena bila boliti hata moja kubaki mezani. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako na meno yako mawili. Wazee wa karakana waliniita Profesa. Walikuwa wakinitania, lakini mimi niliitika.

Habari za chumvi, za sabuni na za wavulana wa Jinja sitazigusa. Mama yako amezimaliza kwa siku tatu mfululizo, na nyingine nilihisi alikuwa akinisema mimi. Sasa hivi yuko uani anakukaangia ndizi za safari, wewe umekwenda Nateete kumuaga bibi yako, nami nimejifungia chumbani nikisema natafuta bisibisi.

Nina neno moja tu. Ni refu. Linamhusu Kasimu unayemwita mjomba, huyo anayekupa kazi.

Kazi yenyewe umeifurahia, nami najua kwa nini. Karani mwanamke, kiwanda kikubwa, meza yako mwenyewe. Kila juma utazunguka kwenye mashine za kukamua mafuta, utazame kila kikosi kinavyofanya kazi, nani anavuta na nani anavutwa, uandike, umpelekee Kasimu. Ulipoisoma ile barua ya kazi ulirukaruka humu ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Nami nilicheka. Mwanangu, sikuwa nikicheka kwa furaha. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimefahamu kwamba Kasimu, rafiki yangu tangu tukiwa na kaptula zilizotoboka, ndiye aliyemtia Mzee Opio mikononi mwa wanajeshi. Na alimtia kwa daftari langu. Sitaki ufike huko ukakabidhiwa kalamu kabla hujajua yangu mimi ilifanya nini.

Mzee Opio unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akituletea vitonge vya simsim, ule ufuta mtamu, kila alipotoka kwao Lira, wewe ukavila vyote ukasingizia panya. Alikuwa msimamizi wetu kule Nakawa, kwenye karakana ya mabasi. Mwenye karakana, Mhindi, aliondoka na wenzake walipofukuzwa, na karakana ikapewa Kapteni mmoja wa jeshi ambaye hakujua tofauti ya gia na kitasa cha mlango. Kila asubuhi alikuja, akauliza mabasi mangapi yametoka, akaondoka. Kazi ilibaki kwetu.

Na kazi ilikuwa aibu. Tulikuwa vikosi vitatu: watu wa injini, watu wa breki, watu wa umeme. Basi likitoka Jumatatu, Jumatano linarudi likivutwa kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Watu wa injini wanasema ni umeme. Watu wa umeme wanasema ni injini. Watu wa breki wanasema alhamdulillahi, safari hii si sisi. Kila mmoja alijua kosa la mwenzake na kila mmoja alificha la kwake, na kosa lililofichwa lilipanda basi likaenda Masaka pamoja na abiria.

Dawa ya maradhi hayo niliibuni mimi. Sawa, nusu yake niliibuni mimi. Haya basi, Mzee Opio ndiye aliyeibuni, mimi nilileta mihogo.

Ilikuwa hivi. Jumamosi tukishanawa mikono kwa mafuta ya taa na majivu, tunaketi juu ya matairi makuukuu nyuma ya karakana, mihogo katikati. Kila mtu anataja kosa lake la juma hilo. La kwake, si la jirani. Kisha anamtaja mtu mmoja aliyemsaidia. Basi, anakula.

Jumamosi ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Mihogo ilipoa. Watu kumi na wawili wenye ndevu walitazama viatu vyao kama wachumba. Mzee Opio akakohoa.

"Lile basi la Masaka," akasema, "lililoachia gurudumu pale Nateete. Mlimlaumu dereva. Boliti zile nilizikaza mimi. Sikuzikaza zote, nilikwenda kusali nikasahau."

"Mzee!" nikasema. "Na ulimkata dereva mshahara wa siku!"

"Nilimrudishia jana. Nilimwambia kwa nini. Amenitukana vizuri sana, nimestahili. Sasa wewe Twaha, Profesa, hujakosea kitu tangu uzaliwe? Sema upesi, njaa inaniuma."

Watu wakacheka, na kicheko hicho, mwanangu, ndicho kilichofungua karakana. Nilisema langu: nilikuwa nimeweka gasketi kuukuu na kudanganya kwamba ni mpya. Musoke wa umeme akasema lake, na lilikuwa baya kuliko langu, nikafurahi. Mtu wa breki ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake alisema matatu kwa mkupuo.

Baada ya miezi miwili mabasi hayakurudi kwa kamba. Sitakupa hesabu, Kapteni ndiye aliyependa hesabu. Nitakuambia nilichokiona kwa macho. Mtu wa umeme alikuwa chini ya basi, akanyoosha mkono nje bila kusema neno, na mtu wa injini akamtilia spana namba kumi na saba kiganjani. Hakuulizwa. Alikuwa akimwangalia mwenzake anavyofanya. Hapo nikasema, ala, kumbe sasa tunafanya kazi pamoja! Hilo halimo katika karatasi yoyote, nawe ukifika huko lisubiri kwa subira. Sikiliza pia watu wanavyonyamaza. Kuna kunyamaza kwa mtu aliyezama kazini, na kuna kunyamaza kwa mtu anayesubiri upite. Mimi hata macho yangu yakiwa yamefungwa naweza kutofautisha, na hapo sijisifu. Najisifu kidogo.

Sasa njoo kwenye ujinga wangu.

Nilinunua daftari. Jekundu, la kurasa arobaini. Nikawatangazia juu ya matairi kwamba mambo makubwa namna hii lazima yaandikwe, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa karakana, nitayaandika mimi. Mzee Opio akatikisa kichwa.

"Acha, Twaha. Maneno haya yaliwe na mihogo yaishe."

"Mzee, bila maandishi tutasahau."

"Ndiyo. Tusahau. Mtu husema kosa lake akijua kesho litakuwa limekwisha. Ukiliandika, kesho lipo."

"Wewe unaogopa kalamu kwa sababu hujui kuishika," nikamwambia mbele za watu. Nilimwambia hivyo mtu aliyenifundisha kazi. Alicheka, akamega muhogo. Angenizaba kofi, leo ningekuwa nakuandikia kuhusu chumvi na sabuni.

Kasimu alikuwa mtunza stoo wetu; vikaoni hakuketi. Aliliona daftari akalisifu mno. "Profesa, hili ni hazina. Lakini hapo kazini litajaa grisi. Niachie stoo, nitakuwa nalifungia kwa kufuli." Nilimpa. Ni mtu aliyesimama nami siku ya ndoa yangu, aliyekuadhinia sikioni ulipozaliwa kwa sababu mimi nilikuwa natetemeka mno kulitoa neno. Ningempa hata figo.

Jumamosi moja Mzee Opio akasema: "Lori la kambini, lile la kubebea askari. Bomba la breki nililifunga vibaya. Twaha ndiye aliyeliona kabla halijatoka, tukalifunga upya pamoja." Nililiandika vile vile. Ukweli wote nitakuambia: nililiandika kwa herufi kubwa kuliko mengine, na jina langu nikalipigia mstari. Nilikuwa nimeona kosa la mkubwa wangu! Niliandika huku nikipiga mluzi.

Juma lililofuata niliitwa ofisini. Kapteni alikuwa ameketi, daftari langu mbele yake, na kando ya dirisha wanaume wawili wenye miwani myeusi. Kasimu alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili. Mzee Opio pia aliitwa, akasimama ameshika kofia.

"Nani naandika hii?" Kapteni akauliza.

"Mimi, afande."

"Hii kitu ya kuku! Mutu moja hapana weza soma. Mimi najaribu, Kasimu najaribu, hapana." Akanisukumia daftari. "Wewe soma. Soma yote. Hapana ruka."

Zaituni, nataka usimame hapa kidogo, hata kama basi linakutikisa. Hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyeweza kusoma mwandiko wangu. Hakuna. Ningeweza kusoma orodha ya spana. Ningeweza kusoma dua ya kula. Ningesoma "Mzee Opio, bomba la maji, basi la Mityana" na nani angenisuta? Mungu alinipa mwandiko mbovu ili siku hiyo uwe na faida, nami niliusoma sawasawa. Kwa sauti. Kwa ile sauti yangu ya kusomea magazeti barazani, nikitua kwenye nukta.

Nilikuwa naogopa, ndiyo. Hofu ndiyo niliyojisingizia miaka yote hii. Lakini nilipofika ukurasa ule, kabla ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo kitamu: jina langu lenye mstari. Nilitaka Kapteni alisikie.

"Rudia," akasema. "Lori ya jeshi. Nani naharibu breki?"

"Hakuharibu, afande, alikosea, na tuli..."

"Nani?"

"Mzee Opio, afande."

"Na nani naona?"

"Mimi, afande."

Kapteni akamtazama Opio, na unajua jeshi hili linavyowaona watu wa kule kwao. "Wewe mutu ya Lira. Nataka ua askari yangu?"

Mzee Opio hakumtazama Kapteni. Alinitazama mimi, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Akasema, "Kijana amesoma vizuri, afande. Ndivyo nilivyosema." Akavaa kofia yake. Wale wawili wakatoka naye kupitia mlango wa nyuma, penye yale matairi yetu.

Hakurudi.

Mimi nilipewa mkono na Kapteni, na juu yake kilo mbili za sukari. Wakati huo sukari ilikuwa hadithi mjini, na wewe ulikunywa chai juma zima ukiniambia, "Baba, umekuwa mtu mkubwa." Nilikujibu kwamba nimekuwa mkubwa tangu zamani ila hujapata kuangalia.

Kasimu alinionyesha kufuli la stoo, limevunjwa. "Wametuingilia, ndugu yangu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpa pole! Nilimshika bega nikampa pole. Kisha tukaketi, tukatafuta ni nani, na polepole, kwa neno hapa na neno pale, tukamfikia Musoke wa umeme. Kuanzia siku hiyo sikumsalimia Musoke. Miaka mitatu. Anauza taa za betri sokoni Nakawa, nami huzunguka upande wa samaki nisimpite. Keshokutwa nitapita upande wa taa. Sijui atanipokeaje, na sina haki ya kujua mapema.

Mke wa Mzee Opio alikuja kutoka Lira, ameshika mtoto mkono na kitonge cha simsim ndani ya kitambaa, akiuliza karakanani kama kuna anayemjua mume wake. Nilikuwa chini ya basi. Nilibaki huko mpaka miguu yake ikaondoka. Basi lile halikuwa na kasoro yoyote.

Na vikao vya Jumamosi? Kapteni alivipenda! Aliamuru viendelee, ofisini, na Kasimu aandike kwa mwandiko wake mzuri. Kila mtu alisimama akasema, "Juma hili sikukosea, afande." Watu kumi na mmoja, juma baada ya juma, hakuna aliyekosea. Taarifa ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kapteni akampandisha Kasimu cheo kwa sababu ya karakana isiyo na makosa, na cheo hicho ndicho kilichomfikisha kwenye kiwanda cha Jinja. Na mabasi yakaanza kurudi kwa kamba. Moja halikurudi kabisa, lilibaki kwenye mteremko wa barabara ya Fort Portal, na tulipoletewa vyuma vyake kila kikosi kilisema si sisi. Spana hakuna tena aliyekupa, mpaka uitafute mwenyewe.

Sasa unielewe ninapokuambia kwamba kikosi kisichotaja kosa hata moja si kizima. Kinaumwa na kimefunga mlango.

Nirudi Ijumaa iliyopita. Kasimu alikuja na barua yako ya kazi, suti ya kijivu, saa mpya. Mama yako akamwekea chai. Alikuwa na furaha, na furaha ikamlegeza ulimi.

"Zaituni namtaka kwa sababu anaandika vizuri," akaniambia. "Hakuchukua kwako, namshukuru Mungu. Lile daftari lako, Profesa! Nilikesha nalo siku mbili nikitafuta neno moja la kumpelekea Kapteni. Ikabidi nimwambie akuite mwenyewe usome." Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Tumetoka mbali, eh?"

Alilisema kama mtu anayekumbusha siku tulipoiba mapera ya jirani. Hakuona kwamba amesema kitu. Au alidhani nimejua tangu zamani na nimekubali, kama yeye, kwamba hivyo ndivyo watu wanavyopanda. Lile kufuli alilivunja mwenyewe. Yale macho mekundu, sijui aliyapaka nini.

Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilicheka naye. Nikamwongezea chai. Kisha wewe ukaingia, ukaichukua barua, ukaanza kuruka.

Utaniuliza kwa nini sikukuzuia. Nimejiuliza tangu Ijumaa. Kazi hakuna Kampala, hilo unalijua. Ukikaa hapa Bukoto utakaa ukinitazama nikiziba baiskeli pancha, kama ulivyonitazama tangu nilipoacha karakana. Tena ungeniuliza sababu, nami ningelazimika kukuambia uso kwa uso kwamba baba yako alisoma. Karatasi haina macho. Nimejificha tena chini ya basi, ndiyo, lakini safari hii nimetoa mkono nje.

Utazungukaje kwenye zile mashine uandike bila kumuuza mtu? Sijui. Mimi nina madarasa matano, wewe una kumi na moja, hesabu hiyo ni yako. Ninachojua ni kwamba siku utakapoingia watu watanyamaza, na siku moja, ukiwa na bahati, mmoja atasahau kunyamaza. Atakuambia kosa lake. Atakuwa amekupa shingo yake akidhani ni neno tu. Mimi nilipewa shingo kumi na moja.

Kasimu atakupokea mwenyewe hapo kituoni Jinja. Tangu ukiwa na miaka mitatu, ukimwona unapiga magoti kumsalimia, kama tulivyokulea kwa wakubwa wote, naye hukushika mkono akakuinua akisema wewe ni binti yake. Safari hii msalimie ukiwa umesimama. Mtolee salamu kamili, muulize habari za nyumbani mwake, za watoto, za safari, usipunguze adabu hata moja. Magoti tu yasiguse chini. Atakusubiri, atatazama chini, atatazama uso wako, na atajua kwamba unajua, na kwamba nimekuambia mimi. Akipenda anichukie, akipenda anipeleke kwa wenye miwani; hapa nilipo anapajua.

Lakini ukishuka ukamkuta yuko nao kando yake, usinitafutie heshima, mwanangu. Piga magoti upesi, hata kama ni topeni. Magoti huoshwa.

Baba yako,
Twaha